UZI: Michezo ya mtu mmoja mmoja inavyomjengea mtu ajira na uchumi, na pale inapomwacha mikono mitupu

Mleta mada

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Tangu Alphonce Simbu ashinde marathoni ya mashindano ya dunia jijini Tokyo mwezi Septemba 2025, mazungumzo mengi yamekuwa juu ya sekunde 0.03 zilizomtenganisha na Amanal Petros wa Ujerumani, baada ya wote wawili kuandikiwa muda wa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Ni haki yake kusifiwa. Hata hivyo, kuna jambo katika maisha ya Simbu ambalo naona halijapewa uzito unaostahili, nalo ni kwamba mtu huyu ni mwanajeshi wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ). Kati ya medali yake ya shaba ya London mwaka 2017 na dhahabu ya Tokyo ilipita miaka 8, na katika miaka hiyo yako mashindano aliyomaliza mbali na jukwaa la washindi. Mkimbiaji asiye na ajira angeweza kuishia katikati ya kipindi hicho, kwa sababu kodi ya nyumba na ada za watoto havisubiri mtu arudi katika ubora wake.

Nimeandika uzi huu kwa ajili ya wazazi, vijana na wafanyakazi wanaojiuliza kama kuna maana yoyote ya kiuchumi katika riadha, ngumi, tenisi, kuogelea, gofu, baiskeli, mpira wa meza au sataranji. Hoja yangu ni kwamba faida kubwa haipatikani katika zawadi ya ushindi, ambayo huwafikia wachache sana na kwa miaka michache. Inapatikana katika milango ya ajira na elimu inayofunguka mapema, mara nyingi kabla mtu hajawa maarufu, na katika mazoea ya kuishi na matokeo yako mwenyewe bila kuwa na mwenzako wa kumsukumia lawama. Nitasema pia kwamba mazoea hayo hayaendi yenyewe kutoka uwanjani hadi kwenye fedha. Mtu asipoyapeleka huko kwa makusudi, anaweza kuvunja rekodi za dunia na bado akafa maskini.

Nianze na ajira, kwa sababu hapa Afrika Mashariki huu ndio ukweli usiosemwa vya kutosha. Mwajiri mkubwa wa wanamichezo wetu wa mtu mmoja mmoja ni vyombo vya ulinzi na usalama. Filbert Bayi na Juma Ikangaa walikuwa wanajeshi. Paul Tergat alitumikia Jeshi la Anga la Kenya. Catherine Ndereba, aliyeshinda Boston mara 4, alikuwa askari magereza. David Rudisha na Julius Yego waliajiriwa na Polisi ya Kenya, na Joshua Cheptegei na Polisi ya Uganda. Sababu yake inaeleweka: vikosi vina timu zao, vina mashindano yao, kwa mfano yale yanayosimamiwa na BAMMATA, baraza la michezo ya majeshi, kwa upande wa Tanzania, na kamanda anayetaka kikosi chake kifanye vizuri anahitaji watu wanaokimbia, wanaopigana ngumi na wanaotupa. Mwanamichezo kwa upande wake anapata mshahara wa kila mwezi, matibabu, muda wa mazoezi, na pensheni au kiinua mgongo siku miguu itakapokataa. Kijana aliyetoka kijijini na kidato cha nne cha kawaida, ambaye katika foleni ya maombi ya kazi asingeonekana, anaonekana kwa sababu ya muda wake wa mita 5,000.

Na tazameni namna Yego alivyofika huko. Kenya ni nchi ya mbio. Kutupa mkuki hakukuwa na makocha wa kutosha wala vifaa. Yeye akajifunza kwa kutazama video za watupaji wakubwa mtandaoni na kwenda kuzijaribu uwanjani. Baada ya kushinda mashindano ya Afrika mwaka 2011 alipata nafasi ya kufanya mazoezi Finland, na mwaka 2015 akawa bingwa wa dunia jijini Beijing kwa mtupo wa mita 92.72. Mtu anayeweza kujifundisha ufundi mgumu kiasi hicho, akajipima, akajisahihisha, akarudia, ana sifa ambayo mwajiri yeyote wa leo anaitafuta, kwa kuwa kazi zinabadilika haraka kuliko mafunzo rasmi yanavyoweza kuzifuata.

Mlango wa elimu nao una historia ndefu. Suleiman Nyambui, aliyepata medali ya fedha ya mita 5,000 Moscow mwaka 1980, alisoma Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso akiwa mkimbiaji, na baadaye akawa kocha na kiongozi wa riadha. Patrick Sang alisoma Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin, akapata fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji mwaka 1992, kisha akawa kocha ambaye dunia nzima inamfahamu kupitia Eliud Kipchoge. Katika sataranji, Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, alitoka katika umaskini mkubwa hadi kupata ufadhili wa kusoma Northwest University huko Kirkland, jimbo la Washington. Mutesi hakuwahi kuwa bingwa wa dunia. Alikuwa mchezaji mzuri katika mazingira ambayo hakuna aliyetarajia mchezaji mzuri atoke, na hilo lilitosha kumfungulia darasa.

Sasa nije kwenye mazoea yenyewe, ambako ningeomba tukae kidogo.

Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, Filbert Bayi aliingia fainali ya mita 1,500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola akiwa na mpango ambao wengi waliuona ni wa kujiua: kuongoza tangu mwanzo, bila mtu wa kumkatia upepo wala wa kumpimia kasi. Nyuma yake walikuwa watu kama John Walker wa New Zealand, mwenyeji, mwenye mbio kali za kumalizia. Bayi aliongoza mzunguko hadi mzunguko na kumaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia. Walker aliyekuwa wa pili naye alikuwa chini ya rekodi ya zamani. Ninachotaka tukione ni uamuzi uliofanywa na mtu mmoja, uliotekelezwa mbele ya macho ya watu wote, ambao kama ungeshindwa usingekuwa na mwingine wa kuulizwa. Mtu aliyezoea kubeba uamuzi wa namna hiyo tangu ujana ana kitu cha kupeleka kwenye biashara. Bayi huyo huyo, pamoja na mkewe, alianzisha shule zinazobeba jina lake Kimara na Kibaha, na shule ni biashara inayodai kile kile: kuwekeza leo, kusubiri miaka, na kuendelea hata mwaka ambao wanafunzi ni wachache.

Kipchoge anatufundisha upande mwingine. Alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003 akiwa na umri wa miaka 18. Mwaka 2012 alishindwa kuingia katika timu ya Kenya ya Olimpiki. Kwa mtu aliyeanza juu kiasi kile, huo ungeweza kuwa mwisho. Alihamia mbio za barabarani, mwaka 2013 akashinda marathoni ya Hamburg, na yaliyofuata yanajulikana: rekodi za dunia Berlin mwaka 2018 na 2022, na saa 1, dakika 59 na sekunde 40 za Vienna mwaka 2019, ingawa hizo za Vienna hazikuhesabiwa kuwa rekodi rasmi kutokana na utaratibu uliotumika. Wanaomfahamu wanasema huandika mazoezi yake yote katika madaftari, mwaka baada ya mwaka. Daftari hilo ndilo lililonigusa. Mimi nimefanya kazi ya kupitia maombi ya mikopo midogo kwa muda mrefu, na naweza kusema bila kusita kwamba tofauti kubwa kati ya mfanyabiashara mdogo anayekua na yule anayezunguka pale pale ni kuandika. Anayeandika mauzo na matumizi yake kila siku anajua mwezi gani aliteleza na kwa nini. Asiyeandika anahisi tu kwamba biashara ni ngumu. Mkimbiaji, mwogeleaji au mchezaji wa sataranji analazimika kujua takwimu zake, kwa sababu saa ya mkononi au ubao wa mchezo haumwonei haya mtu.

Je, kuna ushahidi zaidi ya mifano ya watu mashuhuri? Upo, ingawa unapaswa kusomwa kwa uangalifu. Mwanauchumi Michael Lechner alitumia takwimu za Ujerumani zinazofuatilia watu wale wale kwa miaka mingi, na katika utafiti aliouchapisha mwaka 2009 alionesha kwamba watu wazima walioshiriki michezo kwa bidii walipata, katika kipindi cha miaka 16, takriban euro 1,200 zaidi kwa mwaka kuliko wale ambao hawakushiriki au walishiriki kidogo sana. Aliona ongezeko hilo linakaribiana na faida ya kuongeza mwaka mmoja wa masomo. Utafiti huo ulihusu michezo kwa ujumla, na Ujerumani ina viwanja, bima na soko la ajira tofauti na letu, kwa hiyo siwaambii kwamba kila atakayekimbia Kinondoni ataongezewa mshahara. Nasema tu kwamba uhusiano kati ya michezo na kipato umepimwa kwa makini na watu wasio na sababu ya kutupendezesha.

Niseme sasa juu ya fedha yenyewe, kwa kuwa hapa ndipo wengi wetu tunapodanganyika. Mwaka 2023 Gabriel Geay wetu alishika nafasi ya pili Boston, mbele ya Kipchoge. Zawadi ya nafasi hiyo ni dola 75,000. Kijana anayesikia tarakimu hiyo anafikiri zote zinaingia mfukoni. Tupige hesabu ya mfano kwa mkimbiaji yeyote asiye mkazi wa Marekani: kodi ya zuio kwa kawaida ni asilimia 30, yaani dola 22,500, wakala kwa desturi huchukua asilimia 15, yaani dola 11,250. Zinabaki dola 41,250, na bado kuna kocha, kambi, viatu, matibabu ya misuli na ndugu wanaopiga simu usiku ule ule. Mkimbiaji wa marathoni hushindana kwa nguvu zote mara mbili, pengine tatu kwa mwaka, na jeraha moja la mguu linaweza kufuta msimu mzima. Ni fedha nzuri, sikatai, lakini ni fedha inayokuja kwa mabonge na kwa miaka michache, ilhali matumizi ya maisha huja kila siku hadi uzeeni.

Ndiyo maana hatima za wanariadha wawili wa kiwango kile kile zinaweza kutofautiana mno. Henry Rono wa Kenya, mwaka 1978, akiwa mwanafunzi Washington State University, alivunja rekodi 4 za dunia katika siku 81. Sidhani kama tutamwona mwingine wa namna hiyo. Kenya ilisusia Olimpiki za 1976 na 1980, hivyo hakupata jukwaa hilo, na baadaye ulevi na kupotea kwa fedha zake vilimfikisha mahali pa kukosa makazi huko Marekani, kabla hajajiinua tena na kufanya kazi ya ualimu. Haile Gebrselassie wa Ethiopia, kwa upande mwingine, alianza kujenga majengo na biashara akiwa bado anakimbia. Leo ana hoteli katika miji kadhaa ya nchi yake, shamba la kahawa na kampuni ya magari, na ameajiri watu wengi. Kwa kipaji, mtu anaweza kubishana hadi asubuhi nani alikuwa zaidi. Katika fedha, mmoja alikuwa na mpango na watu wa kumsaidia, mwingine alikuwa kijana peke yake ugenini katika zama ambazo wanariadha wa Afrika walikuwa wakitumika na kuachwa. Simlaumu Rono. Namtaja kwa heshima, ili wanaowasimamia vijana wajue kwamba kipaji bila ulinzi ni hatari.

Karibuni tujadili.

Mchangiaji wa kwanza

Mleta mada, nakushukuru kwa uzi uliopangika. Nina shaka mbili. Kwanza, mchezo unaolipa hapa nyumbani ni mpira wa miguu. Mchezaji wa kawaida wa ligi kuu anapata mshahara wa mwezi, wakati bondia anaweza kukaa miezi bila pambano. Pili, kazini tunafanya kazi na watu. Mchezo wa timu unamfundisha mtu kusaidiana na kuvumilia wenzake. Huyu aliyezoea kujipima peke yake si atakuwa mzigo ofisini?

Mleta mada

Mkuu, shaka zako ni za msingi na nitajibu zote mbili.

Kuhusu kipato, nakubaliana nawe kwa asilimia kubwa. Kwa anayetafuta mshahara wa uwanjani hapa nchini, soka ina soko kubwa kuliko ngumi au riadha. Lakini soka ina mlango mwembamba ambao mara nyingi hauko mikononi mwa mchezaji: kocha akikuweka benchi msimu mzima, hakuna namba ya kuonesha kwamba ulistahili kucheza. Muda wa mita 10,000 uliothibitishwa unaweza kutumwa kwa mwandaaji wa mashindano au kwa kocha wa chuo ng'ambo, na utaeleweka bila mtu wa kukusemea. Katika nchi ambazo kujuana kuna nguvu, kipimo kisichohitaji kujuana ni mali ya kijana wa mbali. Hassan Mwakinyo mwaka 2018 aliitwa kwa muda mfupi kwenda Birmingham kupigana na Sam Eggington, Mwingereza aliyetarajiwa kushinda kwa urahisi, akamaliza kazi katika raundi ya pili. Jina lake lilibadilika usiku mmoja, na hakuhitaji kupangwa kikosini na mtu. Upande mbaya umeutaja mwenyewe: kati ya pambano na pambano kuna njaa, na kwa sababu hiyo ninasisitiza kwamba bondia asiye na ajira nyingine au ufundi mwingine asilishwe ndoto na promota.

Kuhusu ushirikiano, naomba nikutoe wasiwasi. Hakuna bingwa wa mchezo wa mtu mmoja anayefanya mazoezi peke yake. Kambi ya Kipchoge kule Kaptagat ina wakimbiaji wengi, wanakimbia kwa kundi, wanapeana zamu za usafi na mapishi, na bingwa wa Olimpiki anasafisha choo zamu yake ikifika. Bondia anahitaji wenzake wa kumpiga mazoezini bila kumuumiza. Tofauti ni kwamba siku ya mashindano kundi linabaki nje na wewe unaingia, na kazini hali hukaribiana sana na hiyo: tunaandaa taarifa pamoja, lakini anayesimama mbele ya wakaguzi kuieleza ni mmoja. Anayeweza kuchukua msaada wa wenzake kwa wiki nzima kisha akasimama mwenyewe pale mbele bila kutetemeka hawezi kuwa mzigo.

Nikiri kwamba ipo hatari ya ubinafsi, hasa kwa watoto waliosifiwa mapema. Hiyo ni kazi ya kocha na mzazi kuirekebisha kabla mtoto hajafika ukubwani.

Mchangiaji wa pili

Habari zenu. Mimi ni mama wa binti wa miaka 12 anayependa kukimbia na anayefanya vizuri kwenye mashindano ya shule. Ndugu wa mume wangu wanasema michezo itampotezea masomo, na kwamba msichana akizoea viwanja ataharibika. Ningependa kusikia kama kuna faida ya kweli kwa mtoto wa kike au ni kujifurahisha tu.

Mleta mada

Shikamoo mama, na hongera kwa kumsikiliza binti yako.

Kuna ushahidi unaomhusu mtoto wa kike moja kwa moja. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1972 iliyozuia ubaguzi wa kijinsia katika shule zinazopokea fedha za serikali kuu, na kutokana nayo shule zikalazimika kuwapa wasichana nafasi za michezo ambazo awali hawakuwa nazo. Kwa kuwa mabadiliko hayo yalitofautiana kati ya jimbo na jimbo, mwanauchumi Betsey Stevenson aliweza kulinganisha. Katika utafiti alioutoa mwaka 2010 alikuta kwamba pale ushiriki wa wasichana katika michezo ulipoongezeka kwa wasichana 10 katika kila 100, waliokwenda chuo waliongezeka kwa takriban msichana 1 katika kila 100, na wanawake walioingia katika ajira kwa 1 hadi 2 katika kila 100. Huenda zikaonekana namba ndogo, ila ni namba za jamii nzima, na uzito wake ni kwamba zinaelekea kuonesha sababu na matokeo, kwa kuwa wasichana wale hawakujichagua wenyewe kwa kuwa walikuwa na bidii kuliko wenzao. Sheria ndiyo iliyowafungulia.

Karibu na nyumbani yupo Angella Okutoyi wa Kenya. Mama yake alifariki wakati wa uzazi, akalelewa na bibi yake aliyekuwa akifanya kazi katika shule moja jijini Nairobi, na tenisi ikawa sehemu ya utoto wake. Mwaka 2022 alishinda Wimbledon ya vijana, upande wa wasichana wawili wawili, akiwa na mwenzake kutoka Uholanzi, na baadaye akajiunga na Chuo Kikuu cha Auburn huko Marekani. Kwa binti huyo, raketi ndiyo iliyomfikisha darasani.

Kuhusu kuharibika, ningeomba tuyatenge maneno ya hofu na hatari halisi. Hatari ipo, na mara nyingi inatoka kwa watu wazima walio karibu na mtoto. Mjue kocha wake kwa jina na kwa sura, ujue wanasafiri na nani na wanalala wapi, hakikisha katika safari kuna mlezi wa kike, na binti ajue kwamba akikuambia jambo utamwamini. Kama kambi haitaki mzazi atembelee, mwondoe siku hiyo hiyo. Masomo na mbio vinaweza kwenda pamoja katika umri wake kwa mazoezi ya siku tatu au nne kwa wiki. Kocha anayemkimbiza mtoto wa miaka 12 kila siku asubuhi na jioni anajitafutia sifa mwenyewe na kumvunja mtoto mifupa. Mkae na shemeji zako kwa utulivu mkiwa na ripoti ya shule mezani. Ikiwa alama hazijashuka, ripoti itazungumza.

Mchangiaji wa tatu

Nimefuatilia uzi tangu mwanzo. Mimi nina miaka 36, ni karani wa hesabu, nimejiunga na kikundi cha jogging mtaani kwetu. Sina ndoto ya medali. Je, katika yote uliyosema kuna linalonihusu, na naweza hata kuliandika kwenye maombi ya kazi?

Mleta mada

Ndugu yangu, wewe ndiye niliyekuwa namfikiria zaidi wakati naandika.

Nianze na maombi ya kazi kwa sababu lina jibu la moja kwa moja. Dan-Olof Rooth wa Sweden alifanya jaribio, akalichapisha mwaka 2011, ambalo lilitumia maombi ya kazi ya kubuni yaliyopelekwa kwa waajiri halisi, baadhi yakitaja kwamba mwombaji anashiriki michezo. Waliotaja michezo waliitwa zaidi. Kwa hiyo andika, ila andika kwa namna inayothibitika. "Napenda michezo" ni maneno ambayo kila mtu anayo. "Nimekamilisha nusu marathoni ya Kilimanjaro, na ni mweka hazina wa kikundi cha jogging cha mtaa wetu" ni sentensi inayomwambia msaili mambo mawili: kwamba unaweza kujiandaa kwa miezi kwa ajili ya jambo moja, na kwamba watu wamekuamini na fedha zao. Kwa karani wa hesabu, hilo la pili lina uzito mkubwa. Usiandike mbio ambayo hukuimaliza, kwa kuwa matokeo mengi yako mtandaoni na yeyote anaweza kuyaangalia.

Vikundi vya jogging vyenyewe ni jambo ambalo nchi hii haijalisoma vya kutosha. Vingi vilianza kwa afya, lakini ukivichunguza unakuta vina mfuko wa kuzikana, vina kikoba, na wanachama wanapeana taarifa za tenda, viwanja na nafasi za kazi baada ya mazoezi ya Jumapili. Wenye uwezo wanayapata haya kwenye gofu, ambapo watu wanne wanatembea pamoja karibu saa nne na kupata muda wa kuzungumza ambao ofisini haupo. Sisi wengine tunayapata barabarani kwa gharama ya viatu. Jambo la kuangalia ni kwamba mchango wa kikundi uwe na daftari linalosomwa mbele ya wanachama wote, na kama fedha zimekuwa nyingi, zikae benki kwa saini za zaidi ya mtu mmoja.

Upande wa fedha zako binafsi, nakushauri uchukue utaratibu wa mazoezi kama ulivyo na kuupeleka kwenye mshahara. Mwanariadha makini hawi na lengo la "kukimbia zaidi". Ana kilomita za wiki, siku za kasi, siku za kupumzika na tarehe ya mashindano. Basi weka kiasi kinachokatwa siku ile ile mshahara unapoingia, hata kiwe kidogo, kiende SACCOS au kwenye mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT, na kadiri kinavyokua fikiria hati fungani za serikali zinazouzwa kupitia Benki Kuu, ambazo hulipa riba kila baada ya miezi 6. Ongeza kiwango polepole. Mkimbiaji anayeongeza kilomita kwa pupa huumia goti, na mwenye mshahara wa kawaida anayejikata nusu ya kipato kwa hamasa ya mwezi mmoja huishia kukopa mwezi wa tatu na kuacha kabisa.

Na ikitokea kwamba kasi yako au ya kijana yeyote katika kikundi chenu inampeleka kwenye mashindano ya kulipwa, asisaini karatasi ya wakala kabla mtu mwingine mwenye uelewa hajaisoma. Aangaliwe asilimia anayokatwa, kama inakatwa kwenye zawadi peke yake au hata kwenye mshahara wake wa jeshini, nani anapokea fedha kwanza na katika akaunti ya nani, mkataba unaisha lini, na nani analipia matibabu akiumia. Aulizwe pia kila dawa na kila sindano anayopewa kambini, kwa maana adhabu ya dawa zilizokatazwa huwa inamwangukia yeye mwanamichezo, na inaweza kumnyang'anya zawadi, jina, na hata ile ajira ya kikosini iliyokuwa inalisha familia. Nakala ya mkataba abaki nayo mwenyewe, na nyingine aikabidhi nyumbani kwa mtu anayemwamini.